Kagua Maji Kabla Hujanunua Nyumba

Somo la kusoma nyumbani na kuzungumza katika vikundi vya mtaa

Masomo: Walawi 14:33-48; Luka 14:28-30; Kutoka 21:33-34



Kununua nyumba ni jambo ambalo wengi wetu hulifanya mara moja tu katika maisha. Mwalimu, mwuguzi au karani hutumika miaka thelathini na zaidi, kisha hupokea kiinua mgongo chake na kusema, "Sasa na nipate mahali pa kuweka kichwa changu." Fedha hiyo haina pacha. Ikitumika vibaya hakuna miaka mingine thelathini ya kuitafuta tena.

Mnunuzi wa nyumba katika jiji la Dar es Salaam, au katika mji wowote wa nchi yetu, huwa mwangalifu katika mambo mengi. Huuliza habari za hati, huenda kwa wakili na ofisi ya serikali ya mtaa, hutazama paa, milango na ua. Lakini maji huyauliza swali moja tu: "Maji yapo?" Mwenye nyumba hufungua bomba, maji yatoka, na neno hilo likaisha. Baadaye, familia ikisha kuhamia, ndipo ukuta unapoanza kutoa unyevu, choo kinarudisha uchafu, na hati ya madai ya maji yaja kubwa kuliko mshahara.

Somo letu la leo lina neno moja: yakague maji ya nyumba, yale yaingiayo na yale yatokayo, kabla hujatoa fedha; na usikague yanayoonekana tu, bali ufunue na yaliyofunikwa. Jambo hili ni la fedha, ni la afya ya watoto, tena ni la upendo kwa jirani.

1. KUHANI ALIYEKAGUA NYUMBA

Soma Walawi 14:33-48. Wengi huiruka sura hii kwa kuwa inasema habari za pigo katika kuta za nyumba, nasi twadhani haituhusu. Lakini tukiisoma polepole twaona utaratibu mzuri wa ukaguzi wa nyumba.

Kwanza, mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekwenda kwa kuhani kusema kwamba ameona kitu kinachomtia mashaka. Pili, kuhani anaamuru nyumba itolewe vyombo kabla hajaingia, ili vyombo visije vikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Nasi twaweza kuongeza kwamba ukuta uliozibwa na kabati hauonekani. Tatu, anatazama alama zenye rangi ya kijani au nyekundu, akiangalia kama zimeingia ndani kuliko uso wa ukuta. Nne, hatoi hukumu siku ile ile. Anaifunga nyumba siku saba, kisha anarudi kuitazama tena. Tano, mawe mabaya yakiisha kutolewa na nyumba kupakwa udongo mpya, pigo likirudi, basi ule upakaji mpya haukuponya kitu, na nyumba itabomolewa.

Hatusemi kwamba unyevu wa bomba linalovuja ni pigo lile la Walawi. Ila hekima yake ni ile ile: ondoa kinachoziba, tazama kwa ndani, funga na kungoja, rudi utazame tena, wala usidanganywe na lipu mpya. Mambo haya matano tutayakuta tena hapa chini.

2. KASISI WA SOHO NA KISIMA CHA BROAD STREET

Katika historia ya Kanisa letu la Anglikana kuna kasisi mmoja aliyefahamu jambo hili kwa uchungu. Jina lake Henry Whitehead. Mwaka 1854 alikuwa kijana, kasisi msaidizi katika kanisa la Mtakatifu Luka, Berwick Street, eneo la Soho mjini London. Usiku wa tarehe 31 Agosti mwaka ule kipindupindu kililipuka katika mtaa wake. Katika muda wa wiki chache watu zaidi ya 600 walikufa, nao wengi walikuwa wametumia maji ya kisima kimoja cha pampu katika barabara ya Broad Street.

Daktari John Snow aliamini kwamba ugonjwa unachukuliwa na maji, wakati ambapo wengi waliamini kwamba unaletwa na hewa chafu. Kwa ushauri wake mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba. Kasisi Whitehead hakukubaliana naye hapo kwanza. Lakini kwa kuwa aliwajua watu wake nyumba kwa nyumba, aliendelea kuwatembelea na kuwauliza, nani alikunywa maji wapi, na siku gani aliugua. Kadiri alivyouliza, ndivyo alivyoona kwamba daktari alisema kweli.

Sasa tusikilize vema. Kisima kile kilifunguliwa na kukaguliwa, na jibu likawa kwamba matofali yake hayana tundu wala ufa. Watu wangeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1855 Whitehead aligundua kwamba katika nyumba namba 40, iliyokuwa jirani kabisa na pampu, mtoto mchanga aliugua siku chache kabla ya mlipuko, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la maji taka mbele ya nyumba. Ndipo wakaamua kuchimba. Walikuta kwamba shimo lile lilikuwa mbali na kisima kwa sentimita 80 hivi tu, matofali yake yamelegea, na udongo uliokuwa katikati umelowa uchafu.

Wakaguzi wa kwanza hawakuwa waongo. Walitazama kisima kwa ndani, wakaona matofali mazima, wakasema walichokiona. Kasoro yao ni kwamba hawakufukua upande wa pili. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutazama na kukagua.

Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya London ya zamani. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi. Shimo bovu karibu na kisima ni hatari pale pale, iwe ni Soho au ni kwetu.

3. KABLA YA KWENDA KUKAGUA

Mtafute fundi bomba wako mwenyewe. Asiwe fundi wa muuzaji, wala asiwe aliyeletwa na dalali, maana dalali hula nyumba ikiuzwa tu. Yafaa awe mtu aliyesomea kazi hiyo, kwa mfano katika chuo cha VETA, na ambaye watu wa mtaa wanamjua kwa kazi zake. Mlipe ujira wa siku yake, na umwambie wazi kwamba atalipwa ununue usinunue. Mtu anayelipwa hivyo hana sababu ya kuficha neno.

Mpe muuzaji taarifa mapema kwamba mtapenda kufungua mifuniko ya chemba na karo, kutazama tanki, na kusogeza makabati ya jikoni. Nendeni mchana kweupe, na siku ambayo maji ya mamlaka yanatoka. Kama nyumba imekaa bila watu, fungulieni maji kwanza yatembee katika kila bomba na kila choo, kwa sababu nyumba iliyokauka huficha kuvuja kwake.

Chukua daftari, tochi, sumaku ndogo, ndoo mbili, na pakiti ya bluu ya kufulia. Vyombo hivyo vitafanya kazi kubwa.

Ikiwezekana nenda mara mbili, mara moja kiangazi na mara moja wakati wa masika. Mvua ni mkaguzi mkali kuliko fundi. Kiwanja kinachoonekana kikavu mwezi wa Septemba huenda kikawa ziwa mwezi wa Aprili, na mashimo yote yakajaa. Waliokaa bonde la Msimbazi wakati wa mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuambiwa. Kama huwezi kungoja mvua, waulize majirani, hasa wapangaji na akina mama wanaochota maji. Wao hawauzi kitu.

4. MAMBO SITA YA KUKAGUA

(a) Mita ya maji. Funga koki zote za nyumba, pamoja na koki ya kuingiza maji katika tanki. Kisha tazama mita. Nyingi zina kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Kikizunguka hali kila kitu kimefungwa, maji yanapotea mahali fulani kati ya mita na koki. Kama hakionekani kuzunguka, andika namba zote za mita, ngoja saa moja, usome tena.

Tufanye hesabu. Bomba linalovuja robo lita kwa dakika, yaani kikombe kimoja tu cha chai, hupoteza lita 15 kwa saa moja. Kwa siku moja ni lita 360. Kwa siku 30 ni lita 10,800, karibu uniti 11, maana uniti moja ni lita 1,000. Maji hayo hakuna aliyeyanywa wala kuyafulia, lakini yatalipiwa kila mwezi, huku yakilainisha udongo chini ya msingi.

Andika pia namba ya mita, uende nayo katika ofisi ya mamlaka ya maji. Kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Uliza mita imeandikwa kwa jina la nani, ina deni gani, na kama maunganisho yake ni halali. Mabomba mengine huungwa kabla ya mita kwa siri. Anayenunua nyumba ya namna hiyo ananunua na wizi uliomo ndani yake.

(b) Kisima na tanki. Kama nyumba inatumia kisima, uliza kina chake, nacho kiko umbali gani na karo, la nyumba hiyo na la jirani. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni mita 30 au zaidi, tena kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Udongo wa mchanga au wenye nyufa hutaka umbali mkubwa zaidi. Yaonje kama ni ya chumvi, maana sehemu za pwani chumvi huingia visimani, nayo hula mabomba ya chuma. Lakini ulimi hauwezi kuonja vijidudu. Peleka maji maabara yakapimwe.

Tanki la juu litazame pamoja na mnara wake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tanki la lita 2,000 likijaa ni tani mbili zinazokaa juu ya kichwa cha mtu. Chuma cha mnara kikiwa kimeliwa na kutu, au zege lina nyufa, hiyo si kasoro ndogo. Panda au mpandishe fundi atazame kama mfuniko unafunga, kama boya linazuia maji yakijaa, na tope lililoko chini ni kiasi gani. Funga maji ya mamlaka, uiache nyumba itumie tanki peke yake. Tanki lililo mita 3 juu ya bomba hutoa msukumo wa bar 0.3 hivi tu. Ukiona bomba la mvua bafuni linadondosha badala ya kumwaga, ujue itahitajika pampu au mnara mrefu zaidi.

Kama kuna tanki la chini ya ardhi, hapa ndipo tutumie hekima ya kuhani ya kufunga na kungoja. Lijazwe, weka alama palipofikia maji, funga yanayoingia na yanayotoka, kisha urudi baada ya saa 24. Maji yakiwa yameshuka, tanki lina ufa. Na kumbuka, ufa unaotoa maji safi waweza pia kuingiza machafu, hasa kama karo liko karibu.

(c) Mabomba ya ndani. Uliza nyumba ilijengwa mwaka gani na mabomba yalibadilishwa lini. Nyumba nyingi za zamani zilitiwa mabomba ya chuma yenye ganda la zinki. Ganda likiisha, kutu huota kwa ndani, na tundu la bomba hupungua mwaka kwa mwaka kama mshipa wa mzee. Dalili zake ni maji ya rangi ya kahawia asubuhi yanapofunguliwa mara ya kwanza, na nguvu kupungua.

Gusisha sumaku. Ikinasa, bomba ni la chuma. Isiponasa, huenda ni plastiki au shaba. Tazama mahali bomba linapoingia ukutani. Mara nyingi nje huwekwa bomba jipya la plastiki la kupendeza, na ndani ya ukuta limebaki lile la kale. Muulize muuzaji jipya linaishia wapi na la zamani linaanzia wapi. Na kama shaba imeungwa moja kwa moja na chuma cha zinki, mweleze fundi akitazame kiungo hicho kwa makini, kwa maana metali hizo mbili zikigusana penye maji, chuma huliwa upesi.

Kisha fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, na mtu mwingine avute maji chooni. Nyumba ya watu sita haitumii bomba moja moja. Nguvu ikianguka sana, jua sababu yake kabla ya kununua. Fundi mwenye vifaa aweza kujaza mabomba kwa pampu ya mkono yenye geji, akafunga, akaona kama mshale wa geji unashuka. Kipimo hicho husema habari za bomba lililo ukutani bila kuvunja ukuta.

(d) Sinki na kuta. Fungua kabati la chini ya sinki, peleka mkono mpaka nyuma kabisa. Mbao iliyovimba, harufu ya uvundo na misumari yenye kutu vyote ni mashahidi. Bomba la chini ya sinki lazima liwe na kona inayobaki na maji ndani yake. Maji hayo machache ndiyo yanayozuia harufu na mende wasipande kutoka katika maji taka.

Tazama ukuta ulio upande wa pili wa bafu. Rangi iliyovimba, unga mweupe wa chumvi, au lipu inayobomoka chini ya ukuta ni dalili za maji. Gonga vigae polepole kwa kidole. Vikilia kama debe tupu, huenda maji yameingia nyuma yake. Ukiona chumba kimoja tu kimepakwa rangi mpya, au kipande kimoja tu cha ukuta, uliza kwa nini. Unyevu mwingine hupanda kutoka ardhini wala hautoki katika bomba. Njia mojawapo ya kuupambanua ni kufunga maji ya nyumba kwa siku kadhaa na kurudi kutazama. Ukuta ukianza kukauka, bomba ndilo lenye hatia.

(e) Choo na chemba. Tia bluu ya kufulia katika tangi dogo la choo, usivute maji, ungoje nusu saa. Rangi ikionekana katika bakuli, tangi linavuja, nalo laweza kuvuja mchana na usiku bila sauti. Kisha mwaga ndoo mbili za maji kwa mfululizo, huku fundi amesimama penye chemba iliyofunuliwa. Maji yapite upesi na yote. Yakija kidogo kidogo, au yakisimama katika chemba, kuna mahali pameziba, bomba limezama, au mizizi ya mti imeingia. Fanya hivyo kwa kila choo, bafu na sinki. Chemba iliyofukiwa chini ya maua au sakafu mpya ifukuliwe. Mfuniko usioweza kufunguliwa ndio unaofaa kufunguliwa kwanza.

(f) Karo na mwisho wa safari. Sehemu ndogo tu ya Jiji la Dar es Salaam imeunganishwa na mabomba makuu ya maji taka. Nyumba nyingi zina karo ambamo uchafu hutulia, na shimo la pili linaloacha maji yanywewe na ardhi. Uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho, nalo hujaa baada ya muda gani. Karo linalojaa wiki chache baada ya kunyonywa laonyesha kwamba ardhi haiyanywi tena maji, au kwamba maji ya ardhini yanaingia. Tazama kama gari la kunyonya laweza kufika hapo. Vichochoro vingine haviruhusu, na hilo hujulikana siku ya msiba.

Kagua mfuniko. Katika Kutoka 21:33-34 mtu aliyeacha shimo wazi analipa mnyama wa jirani akitumbukia. Ikiwa ng'ombe au punda ni deni, je, mtoto?

Mwisho, uliza maji yanaishia wapi. Tia bluu katika maji mengi, kisha tembea nje, utazame mtaro wa barabarani na bonde la nyuma. Rangi ikitokea katika mtaro wanapochezea watoto, umekwisha kujua kwa nini karo halijai kamwe. Nyumba hiyo ni rahisi kwa sababu jirani ndiye anayelipa.

5. BAADA YA KUKAGUA

Mwambie fundi aandike mambo yote kwa karatasi, akiyagawa mafungu matatu: yale yasiyokubalika mpaka yatengenezwe, yale yatakayohitaji fedha katika mwaka wa kwanza, na yale madogo ya kuvumilia. Katika fungu la kwanza na la pili aandike makisio ya gharama, vifaa na ujira.

Hapa ndipo Luka 14:28-30 linapotuhusu. Bwana wetu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akacheka kila mpita njia. Bei ya nyumba si ile anayoitaja muuzaji. Ni ile anayoitaja muuzaji pamoja na ile iliyo katika karatasi ya fundi.

Ukiwa na karatasi hiyo una njia tatu: muuzaji atengeneze, na wewe urudi kukagua, au bei ipunguzwe kwa kadiri ya matengenezo, au uache. Lo lote mtakalokubaliana liandikwe katika mkataba mbele ya wakili. Wala usitoe malipo ya awali kabla ya ukaguzi. Fedha ikisha kutoka, macho ya mnunuzi hutafuta sababu za kuridhika, hata mbele ya ukuta uliolowa.

Wengine watasema, "Ukaguzi ni gharama." Ndiyo, ni ujira wa fundi na nauli, na labda gharama ya maabara. Lakini wahenga walikwisha kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuvunja sakafu ya nyumba uliyokwisha kuhamia, watoto wakiwa ndani, ni zaidi ya kujenga ukuta.

6. JE, SI KUMDHANIA MTU VIBAYA?

Hili ndilo linalowazuia Wakristo wengi kuliko gharama. Muuzaji ni ndugu, au ni mzee wa kanisa, au mjane wa rafiki. Twaona haya kufunua mfuniko wa karo lake mbele ya macho yake. Twasema, "Mbona ameapa hakuna tatizo?"

Kumbuka kisima cha Broad Street. Mtu aweza kusema kweli yote aijuayo, na bado shimo likawa limepasuka. Muuzaji hajawahi kuona bomba lililo chini ya sakafu yake, kama wewe usivyowahi kuliona. Kuhani wa Walawi hakuingia nyumbani kama mshitaki. Alikuja ili ijulikane kama nyumba ni safi, na kama ni safi aitangaze hivyo mbele ya watu wote. Ukaguzi mwema humlinda na muuzaji pia. Karatasi ya fundi ikisha kutiwa sahihi na pande zote mbili, hapana atakayekuja mwakani kumwita mwizi.

Undugu mwingi umekufa kwa sababu ya nyumba iliyouzwa kwa kuaminiana bila kukagua. Afadhali haya ya saa moja mbele ya karo lililofunuliwa kuliko ndugu wawili kutosalimiana mlangoni pa kanisa miaka kumi.

7. KWA YULE ANAYEUZA

Ndugu unayeuza, soma tena Walawi 14:35. Mwenye nyumba hakungoja kuhani agundue. Alikwenda mwenyewe. Kama unajua kwamba choo kinarudisha maji wakati wa masika, sema. Kupaka rangi ili unyevu usionekane mpaka hati zisainiwe ni kumwuzia mwenzako mbuzi kwenye gunia, hata kama hujatamka uongo hata mmoja. Labda utapata bei ndogo. Lakini yule atakayelala katika chumba hicho ni mtoto mwenye pafu dogo, na kiinua mgongo kilichomo katika mfuko wako ni miaka thelathini ya mtu mwingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika Walawi 14, kwa nini kuhani aliifunga nyumba siku saba badala ya kuamua siku ile ile? Ni mambo gani ya nyumba yasiyoweza kuonekana kwa ziara moja?

2. Wakaguzi wa kwanza wa kisima cha Broad Street walikosea wapi? Kasisi Whitehead alijua nini ambacho wao hawakukijua, na alikijuaje?

3. Katika mtaa wetu maji taka ya nyumba zetu yanaishia wapi? Nani anaishi upande wa chini?

4. Ndugu wa kanisa anakuuzia nyumba yake, naye anachukizwa ukimwomba afungue karo. Utamjibu nini kwa upole bila kuacha ukaguzi?

5. Kazi ya nyumbani: usiku huu funga koki zote, soma mita yako, usome tena baada ya saa moja. Njoo na hesabu yako katika kikundi.

SALA

Ee Mungu, uliyeyakusanya maji mahali pamoja na kuyaita mema, utupe hekima ya kuhesabu gharama kabla ya kutenda, na uaminifu wa kusema kweli tunaponunua na tunapouza. Uwakinge watoto wetu na maradhi yaletwayo na maji machafu, wala usituache tuishi kwa raha juu ya hasara ya jirani. Na nyumba zetu ziwe safi hata mahali pasipoonekana, pamoja na mioyo yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.